Hivi PB ya Tanzania ni tamu kweli, au wazungu wanauziwa umbo?

#1 Mwana_Kibosho

Wakuu, heshima kwenu.

Niko Minnesota mwaka wa sita sasa. Jumamosi niliingia duka la kahawa hapa mtaani, yale maduka ambayo muuzaji ana ndevu na aproni ya ngozi kama fundi viatu. Nikakuta mfuko umeandikwa Tanzania Peaberry, ndiyo hiyo PB. Gramu 340, dola 19. Pembeni yake ipo Tanzania AA, dola 16. Nikamuuliza kijana tofauti ni nini. Akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mgeni, kwamba hii ni punje ya pekee, inaota moja tu ndani ya tunda badala ya mbili, kwa hiyo utamu wa mbili wote unaingia kwenye moja. Akaongeza kwamba wakulima wa Kilimanjaro wanazichambua kwa mkono shambani, moja baada ya nyingine.

Hapo nikashindwa kunyamaza. Mzee wangu ana kihamba, shamba la nyumbani, Kibosho tangu sijazaliwa. Nimechuma kahawa kila Jumamosi na kila likizo mpaka vidole vinanata, nimezungusha mashine ya kumenya usiku kwa taa ya chemli, nimefukuza kuku kwenye vichanja. Sijawahi kumsikia mtu yeyote kijijini akitaja PB. Nikampigia mzee jioni ileile. Akanijibu kwa kifupi: "Hiyo iko huko kiwandani. Sisi tunapeleka pachimenti," yaani kahawa kavu ambayo bado ina utando wake.

Kwa wajuvi: hizi punje zinatoka wapi? Ni aina ya mbuni, ni ugonjwa, ni udongo? Na je, ni tamu kweli, au ni hadithi ya yule bwana ndevu?

#2 Mtani_wa_Same

Mangi ameona dola 19 na dola 16 ndipo akakumbuka kihamba. Utamu ameuweka swali la mwisho. Nakaa hapa na kashata yangu, endeleeni.

#3 Chekeche18

Nimefanya kazi kwenye kiwanda cha kukoboa Moshi miaka kumi na mmoja, kwa hiyo hili la uchambuzi wa mkono shambani naomba nilizike kabisa. Haliwezekani. Tunda lenye punje moja na tunda lenye punje mbili kwa nje ni yaleyale. Ukilishika labda utalihisi dogo kidogo na la mviringo, lakini mtu anayechuma debe kwa siku hana muda wa kupapasa. Mpaka ulimenye ndipo ujue.

Inavyokwenda ni hivi. Mkulima anachuma nyekundu, anamenya, anavundika, anaosha, anakausha, anapeleka pachimenti kwenye chama cha msingi. Inafika kiwandani kwa magunia. Tunaikoboa, ule utando mgumu unatoka, inabaki buni safi ya kijani. Halafu inapita kwenye machekeche. Matundu ya duara yanapanga kwa upana: isiyopita kwenye tundu la 18, kama milimita 7 na ushee, hiyo ni AA. Inayofuata A, kisha B, kisha C. Sasa PB haina ubapa. Imejikunja kama yai dogo, au kama njegere iliyovutwa. Hiyo inatolewa na chekeche lenye matundu marefu, membamba. Hapo ndipo PB na punje bapa zinapotengana. Sauti yake ni tofauti, wakuu. Ukishazoea, unasikia kwa masikio kwamba hapa inapita PB, inagonga bati kama mvua ya mawe.

Baada ya hapo kila daraja linafungwa peke yake na kwenda mnadani peke yake. Kwa hiyo mzee wako amesema kweli. PB inazaliwa kihambani, lakini jina inapewa kiwandani.

#4 Mwana_Kibosho

Chekeche18 ahsante sana. Kwa hiyo kahawa ya mzee imo ndani ya ule mfuko wa dola 19 na yeye hajui.

#5 Kikombe_Tupu

Ya kiwandani sijui, mimi nakaanga kahawa Dar na kuuza kwa kikombe. PB ni nzuri na sababu ninayo: umbo. Punje bapa ukiiweka kwenye chombo cha moto inalalia tumbo. Upande mmoja unaungua, wa juu bado. PB inabingirika yenyewe, moto unaizunguka pande zote. Nikikaanga kwa sufuria kwa ajili ya majaribio madogo, tofauti naiona kwa macho: PB zote rangi moja, AA zina mabaka.

Kwenye kikombe naipata na uchachu safi wa ganda la chungwa, mwili wake si mzito, mwishoni kuna kitu kama chai ya rangi yenye asali. Wateja wangu wanaoijua hawarudi kwenye AA.

#6 BwanaShamba_Mstaafu

Salaam. Nimekuwa ugani miaka mingi, nichangie la chanzo.

Ua la mbuni lina kifuko chenye vyumba viwili, na kila chumba kina kijiyai kimoja. Kwa kawaida vyote viwili vinapata chavua na kukua, vinasukumana katikati, ndiyo maana punje ya kawaida ina upande bapa wenye mfereji: ule ubapa ni alama ya jirani yake. Kikifa kimoja, au kisipopata chavua, kilichobaki hakina wa kusukumana naye. Kinajikunja na kuwa cha mviringo. Basi. Si aina ya mbuni, si ugonjwa. Mti mmoja, tawi moja, hata kishada kimoja, utakuta tunda la punje moja limebanana na la punje mbili. Kwa mashamba mengi ni kati ya asilimia 5 na 10 ya mavuno.

Sasa kijana wa Minnesota kasema utamu wa mbili unaingia kwenye moja. Hapana. PB ni nzito kuliko punje bapa moja, lakini ni nyepesi kuliko mbili zikiwekwa pamoja. Wala kafeini haiwi mara mbili, kwa sababu najua atakuja mtu hapa kuisema. Kwa mkulima ni hasara: tunda lilelile, kazi ileile ya kuchuma, uzito pungufu. Watu wa kuzalisha mbegu wakiona mche unatoa PB nyingi wanauondoa kwenye orodha. Wanaiandika kama kasoro.

#7 NyeriYetu

Hamjambo majirani. Naona mnaongea PB kana kwamba ilianzia Moshi. Huku Kenya PB ni gredi rasmi kama huko, na mnadani Nairobi PB ya Nyeri au Kirinyaga hupigana na AA. Iko na ule uchachu wa zambarau na ukwaju ambao yenu haiko nayo. Yenu ni laini. Nzuri, lakini laini. Siri ni SL28, aina ya kahawa yetu, na udongo mwekundu.

Halafu mnisaidie, mnasema "aina ya mbuni" mnamaanisha nini? Kwetu mbuni ni ile kahawa imekaukia kwa mti au imeanikwa na maganda yake, gredi ya chini kabisa. Hakuna mtu anajivunia mbuni.

#8 Mtani_wa_Same

Mbuni ni ndege. Ana shingo ndefu na anakimbia kuliko Mangi aliyesikia malipo ya pili ya kahawa yametoka.

#9 Chekeche18

Hahaha. NyeriYetu, kwetu mbuni ni mti, buni ni punje, kahawa ni kinywaji, ingawa mitaani vyote tunaita kahawa. Mnachokiita mbuni nyie, Kagera wanaita kahawa ya maganda.

Na kuhusu SL28 naomba nikuguse kidogo. Ile SL ni maabara ya Scott, kweli, ilikuwa kwenu. Lakini walipoichagua mwaka 1935 waliichagua kutoka kwenye mibuni iliyoitwa "ya Tanganyika inayostahimili ukame", na hiyo mbegu ilichukuliwa Monduli mwaka 1931. Kwa hiyo huo ukwaju mnaojivunia ulivuka mpaka Namanga ukiwa mbegu. Karibu nyumbani.

#10 NyeriYetu

Ng'ombe ni wa anayemlisha 😄

Lakini ukienda nyuma zaidi tukumbushane: wamisionari walipanda kahawa Bura, Taita, mwaka 1893.

#11 BwanaShamba_Mstaafu

Na waliitoa wapi? Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu 1868, na kahawa ya Bourbon kutoka kisiwa cha Réunion waliianzia pale, pwani kwenye joto, ambako haikuwa mahali pake. Ndipo ikapanda milimani, Kilema na Bura, miaka ileile ya 1890. Mzizi mmoja, ndugu zangu. Tofauti kubwa ilikuja baadaye: Wachaga walikuwa na chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, mwaka 1933, wakati Mwafrika wa Kenya bado anazuiwa kupanda mbuni, isipokuwa majaribio machache yaliyokuja Meru, Embu na Kisii.

#12 NyeriYetu

Hapo umesema ukweli na sicheki tena. Nyanya yangu alichuma kahawa ya mzungu miaka mingi bila ruhusa ya kuwa na mti hata mmoja kwake. Alipanda wake wa kwanza baada ya 1954, na mpaka anakufa alikuwa anahesabu miti yake kwa majina ya watoto.

#13 Akamwani

Habari za mchana. Mnaongea kama kahawa ililetwa na mapadri. Bukoba kahawa ilikuwapo kabla ya mzungu yeyote, tena robusta, na hatukuinywa. Tuliitafuna. Inachumwa ikiwa bado mbichi mbichi, inachemshwa na majani ya kunukia, inakaushwa. Mgeni akiingia, kabla ya neno lolote anapewa akamwani atafune.

Sasa hili la punje moja na mbili lina uzito wake. Zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu wa damu, kula omukago, walichukua tunda moja la kahawa na kulipasua. Punje mbili. Kila mmoja anachanjwa kidogo tumboni, karibu na kitovu, anapaka punje yake damu, halafu wanabadilishana, kila mtu anameza damu ya mwenzake. Waganda walifanya hivyohivyo. Maana yake iko wazi: tumelala ndani ya ganda moja, hatuwezi kusalitiana. Mkipasua tunda mkakuta punje moja, hapo hakuna undugu. Lazima mtafute jingine. Kwa hiyo PB kwetu ni tunda lisilo na ndugu, na leo mnaniambia linauzwa dola 19.

#14 Mwana_Kibosho

Akamwani umenitoa jasho. Huu uzi nilidhani ni wa bei.

#15 Dele_la_Shaba

Assalaam aleikum. Mimi wa Mombasa, baba yangu aliuza kahawa barazani na dele lake, birika la kahawa, na mimi nimeuza kabla ya miguu kugoma. Hata siku moja mteja hakuniuliza gredi. Aliuliza tangawizi iko, na kashata ni ya leo au ya jana.

Lakini punje hizi nazijua. Kwenye gunia la buni zilikuwamo chache, zimejificha. Mama akizikaanga kwenye chungu zile za duara zilikuwa zikiruka nje na kubingirika sakafuni, sisi watoto tunazikimbilia kama gololi. Tuliziita vidume. Mama alizirudisha akisema kidume hakikai jikoni.

Kwa ladha: ukishaikaanga mpaka ikawa nyeusi, ukaitwanga na tangawizi, ukaichemsha saa nzima juu ya makaa, kidume na jike ni mamoja.

#16 Mlango_wa_Mutrah

Shekhe Dele, umenikumbusha. Niko Muscat, na hapa jirani kuna duka la Mindonesia. Anauza kahawa anaiita kopi lanang, maana yake kahawa dume, na ni hizihizi punje moja. Kwao wanaamini zinaongeza nguvu za kiume, ndiyo biashara yenyewe. Wahispania nao wanaziita caracolillo, kikonokono. Kwa hiyo vidume vya Mombasa na vya Java vimekutana bila kuambiana.

Nilinunua robo. Nikaichemsha kiarabu, imekaangwa kidogo tu, na iliki. Ilikuwa nzuri. Hiyo habari nyingine sina ripoti.

#17 Mtani_wa_Same

Sina ripoti, anasema, na robo imeisha. Shemeji yetu huko Muscat atoe ripoti yeye.

Mangi, badilisha tangazo: acha "utamu wa mbili kwenye moja". Andika dume la Kibosho. Utauza dola 40.

#18 Mama_Ungo

Nimesoma kimya kimya, sasa nimeshindwa. Mimi ni mkulima, Mbinga huku kusini, miti mia nane na kitu. Kwanza nampinga Chekeche18 kidogo: shambani huwezi kuchambua matunda, kweli, lakini pachimenti na buni unaweza, na wala huhitaji mashine. Chukua ungo. Mimina vikombe viwili vya buni iliyokobolewa kwenye kinu. Inamisha ungo kidogo, gonga ukingo kwa kiganja, taratibu. Zile bapa zinashika kwenye msuko, zile za duara zinabingirika zenyewe mpaka chini zinaanguka kwenye beseni. Ukirudia mara tatu umebaki na PB karibu tupu, pamoja na vijiwe na punje moja moja zilizovunjika, hizo unaokota. Mimi huzitenga kwa ajili ya nyumbani. Si kwamba ni tamu zaidi, ni kwamba haziniungulii kwenye kikaango, kama alivyosema Kikombe_Tupu.

La pili, nimepasua matunda ili nione mwenyewe, maana wataalamu wanasema hivi, wengine vile. Nilichuma mia kutoka kwenye matawi ya ndani, karibu na shina, na mia kutoka ncha za matawi, mti mmoja. Za ndani nilipata tano. Za nchani kumi na nne. Na kwenye miti ya zamani ambayo sijaikata kuifufua, hali ilikuwa mbaya zaidi. Na mwaka ule mvua zilipochelewa baada ya maua, karibu kila kiganja cha matunda kilikuwa na dume, kwa lugha ya Mombasa. Mimi nasema ni njaa. Mti hauna chakula cha kutosha kulea wawili, unamwacha mmoja.

#19 BwanaShamba_Mstaafu

Mama hongera, umefanya kazi ambayo vijana wangu wa ugani walikuwa wanaikwepa. Ncha za matawi zinatajwa mara nyingi, na ukame na upungufu wa lishe pia. Ila usifungie hapo. Kuna urithi: aina nyingine zinatoa PB nyingi hata zikilishwa samadi mpaka zitapike. Machotara ya arabika na robusta ya vizazi vya mwanzo yalikuwa yanajaa PB na matunda matupu, kwa sababu kromosomu hazilingani, kijiyai kinakufa hata chavua ikiwa tele. Na kuna uchavushaji: mvua kubwa ikipiga siku maua yamefunguka, chavua inaoshwa.

#20 Akamwani

Hapo kwenye chavua nina swali. Arabika inajichavusha yenyewe, tumefundishwa, zaidi ya asilimia 90. Robusta haiwezi kujichavusha, inategemea upepo na nyuki kutoka mti mwingine. Kama chanzo ni chavua, basi robusta ya Bukoba na Uganda ingekuwa imejaa PB na arabika yenu ingekuwa nayo kidogo sana. Mbona jina la PB mnalo nyie?

#21 BwanaShamba_Mstaafu

Robusta inazo pia, mzee, na nyingi tu. Ila hakuna anayeziuza kwa jina hilo huko Marekani. Na hata arabika inayojichavusha inafaidi nyuki: kuna utafiti ulifanyika hapahapa Kilimanjaro, ukachapishwa 2014, nyuki waliongeza uzito wa matunda kwa takribani asilimia 7. Lakini uzito wa tunda na idadi ya punje ndani yake ni mambo mawili, kwa hiyo sisemi nyuki ndiyo jibu. Nasema ni sababu kadhaa zinazokutana kwenye ua moja dogo linalodumu siku mbili tatu.

#22 Mama_Ungo

Bado nasema njaa.

#23 Mjukuu_wa_Marangu

Nicheke kidogo. Babu yangu mzaa mama alisikia miaka ya themanini kwamba PB inalipa vizuri mnadani. Akakaa msimu mzima akichagua PB tu kwa ajili ya mbegu. Akajaza kitalu. Hakumwambia jirani hata mmoja, alizungushia masale akidhani amepata siri. Miche ikaota, ikapandwa, tukasubiri miaka mitatu. Ilipozaa tulipasua tunda la kwanza ukoo mzima umesimama. Punje mbili. La pili, mbili. La tatu, mbili. Babu akageuka, akaenda kunywa mbege, na habari ile haikurudiwa tena mezani mpaka siku ya msiba wake, mjomba alipoitoa kwenye wasifu.

#24 Mtani_wa_Same

Kwenye wasifu! Wachaga hamna huruma.

#25 Chekeche18

Pole Mjukuu, lakini ndiyo maana wenye vitalu huzitupa PB. Inaota vizuri, ila mtoto harithi upweke.

Turudi kwa swali la mwenye uzi. Swali la Akamwani ni zito: mbona Tanzania ndiyo imebeba jina? Kenya wanayo, Rwanda wanayo, kila anayelima kahawa anayo. Tulichokuwa tunasikia kiwandani ni kwamba Wajapani walitaka AA na A, punje kubwa za kupendeza, na Wajerumani wanachukua za kati kwa wingi. PB ilikuwa inabaki, ikatafutiwa Marekani, ikapewa hadithi, ikazoeleka.

#26 Kikombe_Tupu

Mimi nimesikia kinyume. Kwamba Mmarekani mmoja mmoja alionja PB akaipenda kuliko AA, ndipo ikatengwa. Na hiyo Japani yenyewe haisemi Tanzania, inasema Kilimanjaro. Arabika yetu iliyooshwa, hata ikitoka Mbinga kwa Mama_Ungo au Mbozi, kule inauzwa kwa jina la Kilimanjaro, ila ya Bukoba tu haihesabiwi. Na mchanganyiko unaruhusiwa kubeba jina hilo ukiwa na asilimia 30 tu ya Tanzania.

#27 Mama_Ungo

Kumbe mimi nalima Kilimanjaro na sijawahi kuuona mlima.

#28 NyeriYetu

Nina maelezo ya tatu na hamtaipenda. AA ya Kenya iko na jina kubwa. Ukiweka AA ya Tanzania kando yake kwa duka, mteja atachukua ya Kenya. Kwa hiyo mwenye duka akatafuta kitu Kenya haijakikalia. PB. Wanunuzi si wajinga.

#29 Mwana_Kibosho

Sitajibu, maana naogopa una haki.

Wakuu, nimerudi na matokeo. Nilinunua mifuko yote miwili, nimetumia dola 35 na mke wangu amenikasirikia. Nikaweka vikombe sita bila alama, vitatu PB na vitatu AA, kahawa kiasi kilekile, maji yaleyale, dakika nne ndipo navunja povu la juu kwa kijiko, kama wanavyofanya waonjaji. Tulikuwa watatu: mimi, mke wangu, na jamaa mmoja Mkamba anaendesha malori. Mke wangu alizipata PB zote tatu. Mimi nilipata moja. Mkamba alisema vyote vina ladha ya maharage yaliyoungua, akaomba chai ya maziwa.

#30 Kikombe_Tupu

Mkeo alitofautisha kwa nini? Ladha au harufu?

#31 Mwana_Kibosho

Anasema ya PB ilikuwa "imetulia". Nikamuuliza imetulia vipi, akasema acha maswali, imetulia.

#32 Chekeche18

Hapo kuna kitu watu hawakisemi. Ili upate PB safi lazima kahawa ipite kwenye chekeche moja zaidi. Kwenye kupita huko, punje zilizovunjika, masikio ya ile daraja E (vipande vya punje kubwa zilizoungana), na uchafu mwingine huenda vinabaki nyuma. Kwa hiyo huenda mkeo hakuonja umbo, ameonja usafi. Ukiichambua AA kwa mkono kwa bidii ileile, sijui kama angezipata zote tatu.

#33 Kikombe_Tupu

Mimi ninachambua AA yangu kwa mkono, punje kwa punje, na bado PB iko juu. Hoja yako naiheshimu lakini kikombe changu kinakataa.

#34 Dele_la_Shaba

Imetulia. Huyo mama ndiye mwonjaji, mpeni kazi.

#35 Mwana_Kibosho

La mwisho kabla sijalala. Nimemsimulia mzee uzi wote kwenye simu, pamoja na ungo wa Mama_Ungo. Akanyamaza. Leo asubuhi kanitumia picha: ungo wa bibi juu ya stuli, beseni la bluu chini, na ndani yake kiganja kimoja cha PB. Amekoboa kwenye kinu kilo mbili za pachimenti iliyobaki nyumbani. Ujumbe wake: "Zimetoka hizi. Nimezipima kwenye mzani wa dukani, gramu 130. Huyo mwenye ndevu muulize anataka gunia ngapi, na muulize zile nyingine nizifanye nini."

#36 Mtani_wa_Same

Gramu 130 ameshazipeleka kwenye mzani! Mangi mkubwa ni baba, wewe bado mdogo.

#37 Mama_Ungo

Mwambie mzee agonge ukingo wa ungo kwa kiganja, asiutikise. Ukitikisa zinachanganyika. Na amfukuze kuku kwanza.

#38 Mjukuu_wa_Marangu

Na asizipande.